Kamera Ije Mwisho: Ushauri kwa Mrukaji wa Parachuti Anayetaka Kupiga Picha Angani

Mtu akianza kuruka kwa parachuti, swali la kwanza analokutana nalo nyumbani ni hili: "Video iko wapi?" Ndugu wanataka kuona, marafiki wanataka kuona, na mrukaji mwenyewe anataka kujitazama tena. Ndiyo maana hamu ya kupachika kamera kwenye helmeti huja mapema, mara nyingi kabla mtu hajaweza kuutuliza mwili wake hewani. Hamu hiyo siilaumu. Picha za angani ni kazi nzuri, na wapo wanaoifanya kwa ustadi wa kuonea fahari. Ninachotaka kukushauri ni namna ya kufika huko ukiwa mzima, na bila kumuumiza mtu mwingine.

Tatizo la siku hizi ni kwamba kamera imekuwa ndogo mno. Carl Boenish, Mmarekani aliyepiga picha za angani za filamu ya The Gypsy Moths ya mwaka 1969, na wenzake wa zama zile, walibeba kamera za filamu kichwani. Zilikuwa nzito, ghali, na zilihitaji mtu azielewe. Uzito na bei viliwachuja watu: aliyekuwa bado anajifunza hakuthubutu. Leo kamera kama GoPro haifiki hata gramu 200, inanunuliwa dukani na kubandikwa kwa gundi dakika ile ile. Kilichobaki cha kumchuja mtu ni kanuni za uwanja na busara yake mwenyewe.

Tuanze basi na kanuni. Chama cha warukaji wa parachuti cha Marekani, USPA, kinapendekeza mtu awe ameruka angalau mara 200 kabla ya kubeba kamera, kiwango kile kile kinachotakiwa kwa leseni ya daraja la C. Kinaongeza kwamba mrukaji awe ameruka mara 50 za karibuni kwa parachuti ile ile atakayoitumia na kamera. Wanafunzi wengi husikia 200 wakanung'unika: kwani kamera ndogo hivi ina madhara gani? Jibu liko kichwani, kwenye nafasi ya kufikiri. Mrukaji mpya akili yake imejaa tangu mlangoni hadi chini. Anafikiria kimo, anafikiria miguu yake, anawatafuta wenzake, anajiuliza atashika kishikio vizuri, upepo unavuma kutoka wapi, atatua wapi. Hakuna pembe iliyobaki. Kadiri anavyoendelea kuruka, mambo hayo yanahama kutoka akilini kwenda mikononi, na pembe inaanza kupatikana. Kamera inaingia kwenye pembe hiyo. Ukiiingiza kabla haijapatikana, lazima isukume kitu kingine nje, na mara nyingi kinachosukumwa nje ni kimo.

Naongeza neno langu hapa: hiyo 200 usiichukue kama tarehe ya kuzaliwa, kwamba ukiifikia tu umekuwa mtu mzima. Mara 200 zilizotawanyika katika miaka mingi, kila moja baada ya miezi ya mapumziko, hazilingani na mara 200 za mtu anayeruka kila mwisho wa juma na kujifunza jambo kila anapotua. Mwalimu anayekujua atakwambia uko wapi. Akikwambia bado, msikilize.

Fanya hesabu kidogo uone kwa nini ninasisitiza kimo. Mrukaji aliyelala kifudifudi huanguka kwa kasi ya kama kilomita 190 hadi 200 kwa saa, yaani karibu mita 55 kila sekunde. Ukizama katika picha kwa sekunde 5 tu, ukijiuliza kama taa ya kurekodi imewaka au kama jua linampiga mwenzako usoni, umeshuka mita 275. Ukiwa juu, hiyo si kitu. Ukiwa karibu na kimo cha kufungua mwavuli, hiyo ni sehemu kubwa ya muda uliobaki wa kushughulikia hitilafu. Kwa hiyo mpiga picha avae altimita ya mkononi na pia ile ya kulia sikioni ndani ya helmeti. Ile ya sikioni ikumbushe tu. Asiyejua kimo chake mpaka asikie mlio hajawa tayari kubeba kamera.

Kuna kisa ambacho kila anayeanza kazi hii angepaswa kukijua. Mwezi Aprili mwaka 1988, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, mrukaji mzoefu aliyekuwa amezidi miruko 800 alipanda ndege kumpiga picha mwanafunzi na mwalimu wake. Zama zile kinasa video kilikuwa kifaa kizito kilichobebwa mgongoni, na kamera ikawa kichwani. Aliruka, akawarekodi vizuri, wakafungua mwavuli wao. Yeye hakuwa na mwavuli. Alikuwa amepanda ndege bila parachuti, na watu waliochunguza walidhani uzito wa kinasa mgongoni ulimfanya ajione amevaa kila kitu. Hakuwa mzembe wala mgeni wa mchezo. Alikuwa amefanya kazi siku hiyo akipanda na kushuka, na mawazo yake yalikuwa kwenye vifaa vya picha.

Funzo ni la utaratibu. Usumbufu wa kamera huanzia chini, wakati unahangaika na betri, kadi, kitambaa cha kufutia lenzi, na mteja anayeuliza lini wanapanda. Jizoeze mpangilio usiobadilika: parachuti kwanza, kamera baadaye. Vaa mwavuli, funga mikanda ya miguu na kifua, gusa vishikio vyote kwa zamu, mwambie mwenzako akukague mgongoni. Hayo yakiisha ndipo ushike kamera. Mtu akikukatiza katikati kwa swali, mjibu kwa upole kisha anza upya kutoka mwanzo. Ndani ya ndege rudia ukaguzi huo kabla mlango haujafunguliwa, washa kamera, thibitisha inarekodi, kisha usiiguse tena. Ukigundua uko hewani na kamera imezimika, iache. Ruka mruko wako, tua, mwombe mteja radhi. Anayeweza kuacha picha ipotee bila kupeleka mkono kichwani ndiye ninayemwamini na kamera.

Sasa helmeti yenyewe, maana hapa ndipo wengi hukosea kwa kutojua. Mwavuli unapofunguka, kamba zake hutoka mgongoni kwa nguvu na kupita karibu na kichwa chako. Chochote kilichochomoza kwenye helmeti kinaweza kuzinasa: bano la plastiki, parafujo ndefu, pengo kati ya kamera na helmeti, waya uliolegea. Kamba moja ikinasa, mwavuli haufunguki sawasawa, na mbaya zaidi, umefungwa kwenye shingo yako. Chukua kipande cha kamba ya mwavuli, hata ya zamani aliyonayo fundi wa parachuti, uiburute juu ya helmeti yako pande zote: mbele kwenda nyuma, kushoto kwenda kulia, toka chini ya kidevu kwenda juu. Kila inapokwama, pana kazi ya kufanya. Ziba pengo, kata parafujo iliyozidi, funika kona kwa utepe imara. Rudia mpaka kamba iteleze bila kukwama popote.

Pamoja na hayo helmeti ya kamera inatakiwa iwe na mfumo wa kuifungua haraka, kishikio unachoweza kukivuta kwa mkono mmoja na helmeti ikatoka kichwani. Kampuni kama Cookie na Tonfly hutengeneza helmeti zenye mfumo huo. Kuwa nao tu hakutoshi, jizoeze chini, ukiwa umevaa glavu, macho yamefumbwa, mara nyingi, mpaka mkono ujue njia. Na mpango wako wa dharura ubadilike: kama mwavuli mkuu umenasa kwenye helmeti na unalazimika kuukata, yaani kuuachia uende zake, helmeti itoke kwanza, kisha ukate, kisha ufungue mwavuli wa akiba. Ukiukata ukiwa bado umefungwa kichwani, uzito wote wa mwavuli unaopepea unabaki shingoni. Zungumza na mwalimu wako kuhusu kimo ambacho muda wa hatua hizo haupo tena, na ufanye nini ukiwa chini ya hapo. Kamera hununuliwa nyingine.

Na usifunge kamera kifuani wala kwenye kifundo cha mkono. Kifuani inakaa jirani na vishikio vya kukata na vya akiba, mkononi inaweza kukwamisha mkono ule ule unaotakiwa kufungua mwavuli. Walimu wa tandemu, yaani wanaoruka wakiwa wamefungwa pamoja na mgeni, hutumia kamera ya glavu mkono wa kushoto, lakini wao wamefunzwa kwa hilo.

Shingo nayo inastahili heshima. Mwavuli unapokukamata, kichwa pamoja na helmeti huwa kizito mara kadhaa kuliko kawaida kwa muda mfupi. Mpiga picha hupenda kuinua uso atazame mwavuli ukifunguka, au kugeuka kumfuata mteja. Usifanye hivyo. Mabega yalingane, uso utazame mbele kwenye upeo wa macho, kidevu kisiinuke. Kamera nzito iliyowekwa upande mmoja huipinda shingo hata ukikaa vizuri, hivyo kama unabeba mbili, zisawazishe. Na ukunje mwavuli wako mwenyewe kwa makini. Haraka ya kukunja kati ya mruko na mruko ndiyo inayozaa ufunguzi wa kishindo, na mwaka baada ya mwaka shingo hulipa.

Miruko ya kwanza ya kamera ifanywe peke yako. Watu wanaona ni kupoteza pesa: nitapiga picha ya nani? Hutapiga ya mtu. Unajifunza jinsi helmeti inavyovutwa na upepo, jinsi kamera inavyokuzuia kuona upande mmoja, jinsi ya kupita mlangoni bila kugonga kichwa kwenye fremu. Tazama video yako jioni: kama upeo wa macho unayumba, kichwa chako kinayumba. Baada ya hapo ruka na mwenzako mmoja mzoefu, aliyeambiwa wazi kwamba umebeba kamera na unajifunza. Mpange nani yuko wapi, mtaachana kimo gani, nani anafungua wapi. Mpiga picha ana kishawishi cha kumwona mwenzake kama sura ndani ya fremu, akasahau kwamba ni mwili unaoanguka kwa kasi ile ile na unaoweza kufungua mwavuli wakati wowote.

Kishawishi hicho huongezwa na lenzi. Kamera ndogo zina pembe pana sana, na mtu aliye mita 5 mbele yako anaonekana mdogo kama mdudu. Ukitazama video zako za kwanza utasikitika, na mruko unaofuata utamsogelea. Sogea taratibu, kwa kadiri unavyoweza kujizuia na kurudi nyuma. Uwezo wa kurudi nyuma ndio kipimo.

Vikundi vya mashindano ni shule nzuri hapa. Katika mashindano ya watu 4 wanaoshikana na kuachana hewani kwa mitindo iliyopangwa, timu ina mtu wa tano, mpiga picha, na waamuzi huhesabu alama kwa kutazama video yake. Lazima akae juu yao, awaone wote wanne, asiwapoteze kwa sekunde 35 za kazi. Mazoezi ya namna hiyo humfundisha mtu kukaa mahali alipopangiwa. Kama una nafasi ya kuruka na timu kama hiyo, ichukue kabla hujafikiria wateja.

Suti yenye mabawa kwapani ni jambo la kujifunza peke yake. Mabawa hukuwezesha kupunguza kasi ukalingana na mtu mwepesi, na ukiyakunja ukamfuata mzito. Yavae kwanza bila kamera. Ukiwa umesimama chini, nyosha mkono ufikie kishikio cha kufungulia mara kadhaa uhakikishe kitambaa hakikifuniki.

Tandemu ije mwisho kabisa. Hapo mnakuwa watu watatu, na mmoja wao hajui lolote. Watu wawili waliofungwa pamoja wangeanguka kwa kasi kubwa mno, kwa hiyo mwalimu hutoa kimwavuli kidogo cha kuwapunguza mwendo. Kaa mbele yao, usawa wao au chini kidogo, mahali mwalimu anapokuona. Usipite juu yao: hewa iliyo mgongoni mwao imevurugika, ukiingia hapo unapoteza kinachokushikilia na kuwaangukia. Isitoshe kimwavuli chao kiko huko, na mwavuli mkuu utatokea huko huko. Usikae chini yao moja kwa moja pia, kwa sababu likitokea la kutokea hawana njia ila kukujia.

Mwalimu wa tandemu kwa kawaida hufungua kwenye mita 1,500 hadi 1,700. Kwenye video wataonekana wamerushwa juu, ilhali ni wewe unayeendelea kushuka. Picha hiyo ni tamu na ndiyo inayowalevya wapiga picha. Kama umepanga kufungua wako kwenye mita 1,000 hivi, una kama sekunde 10 za kugeuka, kujitenga, kutazama pande zote, kupunga mikono na kufungua. Hazitoshi kwa kuendelea kutazama juu.

Hayo yakishakaa mwilini, tunaweza kuzungumza mwanga, nami nitachukua mfano wa Diani, pwani ya kusini mwa Mombasa, ambako wageni huruka na kutua kwenye mchanga mweupe. Bahari iko mashariki. Asubuhi jua liko upande wa bahari, kwa hiyo ukitaka uso wa mgeni ung'ae, wewe ukae upande wa bahari, mgongo kwa jua, nyuma yake ionekane nchi kavu na vilima vya Shimba. Alasiri ni kinyume: jua limehamia bara, ukikaa upande wa bara unapata uso wenye mwanga na Bahari ya Hindi nyuma yake, mstari wa mwamba wa matumbawe ukitenganisha kijani cha ndani na buluu ya nje. Picha ambayo kila mgeni anaiota ni ya alasiri. Saa sita mchana, karibu na ikweta, jua liko utosini, na mtu aliyelala kifudifudi anaanguka na uso wake kivulini. Kaeni na mwalimu kabla ya kupanda mkubaliane atageukia wapi, kwani yeye ndiye anayeigeuza tandemu. Msipokubaliana, wewe utazunguka tu kwa hatari ukijaribu kumfuata.

Kwa picha za mnato weka kasi ya shata 1/500 au zaidi, fokasi ifunge kwenye umbali unaoujua, usiache kamera itafute yenyewe kwani itakamata mawingu. Usibadilishe mpangilio huo siku ya kazi.

Pwani ina adui mwingine, unyevu. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 au 7 hivi kila mita 1,000 unazopanda. Ukitoka ufukweni kwenye nyuzi 30, juu kwenye mita 3,500 uko chini ya nyuzi 10. Hewa yenye unyevu iliyofungiwa ndani ya kasha la kamera hutona kwenye kioo ukiwa juu, na kioo kilichopoa hupata ukungu kinaposhuka kwenye joto la chini. Weka kifuko cha kufyonza unyevu ndani ya kasha, fungua mlango wa betri mahali pakavu, na kamera iliyolala chumba chenye kiyoyozi itoe nje mapema izoee joto. Futa chumvi kwenye lenzi kila unapotua, kwa kitambaa safi, kwa sababu mchanga wa ufukweni hukwaruza kioo.

Kuhusu riziki niseme wazi. Viwanja vingi sasa vinatosheka na kamera ya glavu ya mwalimu, na nafasi za mpiga picha wa nje zimepungua. Zilizopo, kama kwenye viwanja vikubwa vya Dubai, zinagombewa na watu wenye miruko maelfu. Usiache kazi kwa ajili ya kamera. Anza kwa kuipenda, na pesa zikija zikukute unajua kazi.

Kabla hujanunua chochote, nenda kwa mwalimu mkuu wa uwanja unaorukia, ukiwa na daftari lako la miruko. Mwombe akague miruko yako ya karibuni, akuambie upungufu wako uko wapi, na akutajie mpiga picha ambaye unaweza kukaa naye chini siku nzima ukimtazama anavyojiandaa. Helmeti utakayochagua mpelekee fundi wa parachuti kabla ya kutoboa tundu la kwanza.